Goti la Mama na Mti wa Jiwe: Siku 20 Ahmedabad

Nimerudi Tanga wiki ya pili sasa. Daftari lina madoa ya chai, na simu ina picha karibu mia nne, nyingi za milango. Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Tulimpeleka mama Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat huko India, kubadilishwa goti la kulia. Tulikuwa watatu: mama, dada yangu mkubwa, na mimi mbeba mizigo. Lakini mgonjwa akishalala kitandani, msindikizaji mmoja anatosha, wa pili huwa kero. Mimi ndiye nilikuwa kero, na ndiyo sababu leo nina cha kusimulia.

11 Januari. Dar hadi Mumbai

Ndege ilichelewa saa nne. Tulipewa biskuti na chupa ya maji. Mama akafungua kikapu chake, akatoa mkate wa kumimina, akawakatia mpaka wale waliokaa nyuma yetu. Mumbai tulifika usiku, foleni ya uhamiaji ndefu, ila mwenye kiti cha magurudumu hupitishwa pembeni pamoja na watu wake. Kama una mgonjwa, omba kiti tangu unapokata tiketi, usingoje kufika uwanjani.

Viza tuliomba mtandaoni. Ya mgonjwa ni aina yake, na ya msindikizaji ni aina yake. Msijaze zote za utalii kwa kuona ni rahisi.

12 Januari. Treni

Kutoka Mumbai Central tulipanda Vande Bharat ya saa 12 asubuhi. Nauli ilikuwa rupia 1,400 na ushee kwa mtu, chakula ndani. Mimi nilikuwa nikihesabu rupia moja kama shilingi 30, na hesabu hiyo haikunidanganya sana. Mizigo ilibebwa na wazee wa mashati mekundu wanaoitwa kuli, neno lile lile la bandarini kwetu. Mmoja alipanga mabegi yetu mawili kichwani, la tatu akatundika begani, akaondoka mbio mpaka dada akapiga kelele akidhani tumeibiwa. Alikuwa anatungojea mbele ya behewa letu, anajifuta jasho.

Saa 5 na nusu tulikuwa Ahmedabad. Nje ya kituo zimejaa bajaji za kijani na njano. Dereva aliposikia nasema "bajaji" akacheka, akapiga ubavu wa chombo chake: imeandikwa Bajaj kweli. Wao wenyewe huita rikisho au "auto". Nauli huenda kwa mita; mwambie awashe kabla hujakaa.

14 Januari. Tiara

Jana ilikuwa ya vipimo, nairuka. Leo mji mzima ulikuwa juu ya mapaa. Ni Uttarayan, sikukuu ya kurusha tiara. Sijawahi kuona anga iliyojaa karatasi namna ile. Uzi wake umepakwa gundi na unga wa kioo ili ukate uzi wa mwenzako, na ukikatika wa mtu, paa zima linapiga ukelele. Pikipiki nyingi zimefungwa chuma kilichopinda kama upinde mbele ya usukani. Siku ya kwanza nilidhani ni urembo. Kumbe ni cha kuzuia uzi usije ukamkata dereva shingo.

Wenye nyumba ya wageni walituita juu. Dada akasema mama hawezi ngazi za ghorofa tatu. Vijana wawili wa nyumba hawakujibu kitu. Walimshika mama na kiti chake cha plastiki, huku na huku, wakampandisha kama bibi harusi. Huko juu tuligawiwa mchuzi mzito wa mboga mchanganyiko uitwao undhiyu, pamoja na vipande vya ufuta na karanga vilivyogandishwa kwa sukari guru. Mama alitafuna kimoja akasema, "Kashata." Mwenye nyumba akasema, "Chikki." Wakabishana hivyo, kila mtu kwa lugha yake, mpaka sahani ikaisha.

Neno kwa watakaofuata: chakula cha Gujarat karibu chote ni cha mboga, na dengu zao zina utamu wa sukari. Mama hakuwasamehe hilo mpaka tunaondoka. Nyama ipo, hasa mitaa ya Waislamu karibu na lango la Teen Darwaza. Pombe imepigwa marufuku karibu jimbo zima, kwa hiyo jioni mji ni wa chai na maziwa.

16 Januari

Upasuaji. Ulichukua saa mbili na dakika kumi. Alhamdulillahi.

18 Januari. Hekalu hadi msikiti

Mama aliniambia, "Mwanangu, ukikaa hapo unanihesabia pumzi. Nenda katembee." Nikaenda.

Manispaa ya mji ina matembezi ya mguu tangu 1997, yanaanza karibu saa 2 asubuhi kwenye hekalu la Kihindu la Swaminarayan, Kalupur, na kuishia Jama Masjid. Ada ni ndogo na mwongoza njia anasema Kiingereza. Kama una asubuhi moja tu Ahmedabad, itumie hapo. Mji huu wa zamani uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017, wa kwanza India kuingia kama mji mzima, na ukiutembea unaelewa kwamba waliouingiza hawakutazama majengo makubwa peke yake.

Hekalu ni la 1822, limejengwa kwa mti wa msaji, nguzo zimechongwa na kupakwa rangi mpaka jicho linachoka. Viatu nje. Mimi ni Mwislamu, nilisimama pembeni kwa adabu kama mgeni kwenye msiba wa jirani. Hakuna aliyeniuliza chochote.

Baada ya hapo unaingia kwenye *pol*. Hii ni mitaa iliyofungwa kwa lango moja, nyumba zimegusana kuta, na kichochoro ni chembamba kiasi kwamba pikipiki ikija unageuka ubavu. Mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja hatapotea humo, ila atashangaa vitu viwili. Cha kwanza ni *chabutro*, kinyumba kilichochongwa juu ya nguzo katikati ya uwanja mdogo, cha kulishia ndege. Mwongozaji alisema watu walipokata miti kupata pa kujenga, waliwalipa ndege kwa kuwajengea. Cha pili ni vibaraza vya nje: bibi mmoja alikuwa anachambua dengu, na watalii kumi na wawili walipita wakimruka miguu, hakuinua macho.

Tukafika Manek Chowk. Mchana ni soko la vito, usiku masonara wakifunga linageuka soko la chakula. Hapo pana kaburi la mtakatifu wa Kihindu, Manek Nath, na hadithi yake ndiyo iliyonibaki kichwani. Wanasema Sultani Ahmad Shah alipoanza kujenga mji huu mwaka 1411, Manek Nath hakupendezwa. Mchana akawa anasuka mkeka. Usiku akiufumua, na kila alipoufumua, ukuta uliojengwa mchana ule ulianguka. Sultani alipomgundua akamwambia: kama wewe ni mwenye miujiza kweli, ingia ndani ya mtungi huu. Akaingia. Sultani akafunika mtungi, akaufukia.

Mwisho wa njia ni Jama Masjid ya Ahmad Shah, ya 1424. Ua ni mpana, katikati pana hodhi la kutawadhia, na ndani nguzo 260. Ukikaa chini ukaegemea mojawapo, unaona nguzo nyingine zikirudi nyuma kama mashina ya mikarafuu shambani. Minara yake miwili mirefu iliangushwa na tetemeko la 1819, vimebaki vishina vyake huku na huku ya tao kuu, vimechongwa vizuri ajabu kwa kitu kilichovunjika. Niliswali rakaa mbili. Mzee wa karibu yangu aliniuliza natoka wapi, nikasema Afrika. Akasogea, akanipisha kwenye kivuli.

Jioni nilimsimulia mama habari ya Manek Nath. Mama ni msukaji wa mikeka. Miaka yote alisuka ukili, ule ukanda wa miyaa, yaani majani ya mkindu, akatulea. Alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Mkeka wa miyaa au wa nyuzi?" Nikasema sijui. "Kama ni miyaa haifumuliki kila usiku hivyo. Itakatika. Basi mchawi huyo alikuwa na miyaa mibichi."

21 Januari. Nyumba ya Gandhi

Mama katoka hospitali jana, tumerudi nyumba ya wageni, mtaalamu wa viungo anakuja kila asubuhi kumtesa. Mchana nilipanda basi la mwendokasi. Wao wameanza nalo 2009, na vituo vipo katikati ya barabara kama vya Dar, na watu wanasukumana mlangoni vile vile.

Makao ya Gandhi yapo ukingoni mwa mto Sabarmati, na hakuna kiingilio. Aliishi hapa kuanzia 1917. Nyumba yake, Hriday Kunj, ni ndogo: baraza, chumba chenye godoro sakafuni, meza fupi ya kuandikia. Tarehe 12 Machi 1930 alitoka hapa na watu 78 kwa miguu mpaka Dandi, pwani, karibu kilomita 385, kwenda kuokota chumvi ambayo Mwingereza aliitoza kodi na kuikataza watu kujichukulia. Mtu wa Tanga aliyepita kwenye mashamba ya chumvi hahitaji kuelezwa jinsi jambo hilo lilivyokuwa la kuudhi: chumvi ipo pale, jua limeikausha, halafu askari anakwambia usiiguse. Aliapa hatarudi kuishi hapo mpaka India iwe huru, na hakurudi.

Nilikaa ukutani nikitazama mto. Ng'ambo ni maghorofa ya vioo, na kingo zote mbili zimejengewa njia ya saruji ya kutembelea. Safi, ndiyo. Ila nilitamani kuona tope na mtumbwi.

Njiani kurudi nilipita hekalu la Hutheesing, la 1848, la Wajaini, watu wa dini ya kale ya India isiyoruhusu kuua kiumbe, marumaru nyeupe tupu, limezungukwa na vihekalu vidogo 52. Ngozi hairuhusiwi ndani. Nilivua mkanda, na kwa kuwa tangu tufike nilikuwa nimepungua kwa kula mboga, nililizunguka hekalu zima nimeshika suruali. Vaa yenye kamba.

22 Januari. Pesa

Siku ya kununua matunda tu, lakini naiandika kwa sababu ya somo lake. India kila mtu analipa kwa kuskani karatasi iliyobandikwa mkokoteni, hata muuza mihogo. Mgeni asiye na benki ya kwao mara nyingi anabaki na noti. Muuza mapapai hakuwa na chenji ya 500, na mimi sikuwa na ndogo. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, na mtoto begani, aliskani kwa simu yake rupia 80. Nikampa 100 niliyoichimba mfukoni, akakataa kabisa ile 20 ya ziada. Akamwambia muuzaji anikatie kipande cha papai kabla sijaondoka, ionekane kama limeiva.

Kwa hiyo, ukibadilisha pesa, omba noti za 50 na 100. Na ukisikia mtu anataja "lakh" usibabaike, ni laki yetu ile ile, elfu mia.

24 Januari. Kisima cha Adalaj

Bajaji ya kwenda na kurudi, na kungojewa, rupia 700 baada ya kuvutana. Ni kilomita 18 hivi kaskazini. Kwa juu huoni kitu, uwanja na nyasi. Halafu ardhi inafunguka.

Kisima hiki hakitekwi kwa kamba, unakishukia. Ngazi tatu zinakutana chini, kisha unaendelea kushuka kati ya nguzo za mawe zilizochongwa maua, ndovu, vyungu vya siagi, ghorofa tano kwenda chini badala ya juu. Kila ghorofa hewa inapoa. Nje nilikuwa natoka jasho, chini nilitamani shuka. Ukifika mwisho ukainua uso, unaona duara la anga dogo kama sahani.

Maandishi ya Kisanskriti ukutani yanasema kilikamilika 1499, kwa jina la malkia Rudabai. Hadithi ya watu inasema mumewe, mtawala wa Kihindu, aliuawa vitani na Sultani Mahmud Begada kisima kikiwa hakijaisha. Sultani akamtaka mjane. Mjane akasema: nimalizie kisima kwanza. Kilipokwisha, akakizunguka akiomba, akajitupa ndani. Kweli au si kweli, mawe yenyewe yamechanganya mikono: nakshi za maua za Kiislamu zimekaa pamoja na picha za Kihindu, na hakuna palipopigwa nyundo kufuta.

Wanawake wa kijiji walikuwa wamekaa kwenye kingo za ghorofa ya pili, kwenye ubaridi, wanapiga soga. Nikawaza: aliyejenga alijua nani hutumwa maji.

27 Januari. Makaburi na chai

Eneo la Lal Darwaja kuna mkahawa uitwao Lucky. Umejengwa juu ya makaburi ya kale, na makaburi hayakuondolewa. Yapo sakafuni kati ya meza, yamezungushiwa vyuma vifupi na kupakwa kijani, na kila asubuhi yanawekewa maua. Wahudumu wanayapita na trei bila kuangalia chini. Niliagiza chai ya maziwa na mkate laini wenye siagi, nikala kiwiko changu kikiwa futi moja kutoka kwa marehemu. Ukutani wametundika picha iliyochorwa na M. F. Husain, mchoraji wao mkubwa, aliyekuwa mteja.

Meza ya pili alikaa mtu ambaye ningemkuta Ngamiani, kwetu Tanga, nisingegeuka. Sura yetu, nywele zetu. Nikamwamkia kwa Kiswahili. Akatabasamu, akanijibu kwa Kigujarati. Ni Msidi, kizazi cha Waafrika waliofika Gujarat karne nyingi zilizopita, wengine kama watumwa, wengine askari na mabaharia. Kwa Kiingereza chake kidogo na changu cha wasiwasi tulielewana. Nikamuuliza kama wana neno lolote la kale. Akafikiri, kisha akapiga meza kwa viganja, pa-pa-tum, vikombe vikaruka, akasema: "Goma." Ndiyo ngoma yao, wanayoipiga kwenye kaburi la walii wao Bava Gor, kule Ratanpur. Nikasema "ngoma". Akasema "goma". Nikarudia, akarudia. Jamaa wa meza nyingine wakadhani tumegombana.

Alipoinuka alinionyesha kwa kidole ng'ambo ya barabara. "Sidi," akasema. "Yeye pia."

29 Januari. Mti wa jiwe

Msikiti wa Sidi Saiyyed ni mdogo, umebanwa na makutano ya barabara, honi pande zote. Aliujenga Sidi Saiyyed mwenyewe, Mhabeshi aliyekuwa mtumishi wa jeshi la Usultani wa Gujarat, ukamalizika 1573, wakati Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, anauteka Usultani wenyewe. Nilikuwa nimeshauona peke yangu juzi ile, baada ya chai. Nikarudi nikamwambia mama: huu lazima uuone, goti au si goti.

Daktari alikubali, saa moja tu. Tulimpandisha bajaji mguu umenyooshwa, fremu yake ya kutembelea imetolewa dirishani kama mlingoti. Dereva alikwepa kila shimo huku anaomba radhi kwa yale aliyoyakosa. Mita ilisoma 84, akapokea 80.

Mama hakutaka kuingia ndani, ngazi zilimtisha. Tukamweka bustanini kwenye kiti tulichoazimwa na muuza chai, upande wa nyuma, ukuta wa magharibi. Hapo juu kuna madirisha ya matao yaliyozibwa kwa mawe yaliyotobolewa. Mawili yana vimraba vidogo vidogo. Lakini mawili yaliyo karibu na katikati ni miti. Lile maarufu lina mti ambao matawi yake yanapanda, yanajipinda, yanapitana, moja juu ya jingine na jingine chini yake, mpaka yamejaza tao zima, na katikati ya matawi hayo umesimama mti mwembamba wa jamii ya mtende. Ni jiwe, na limechongwa jembamba hivi kwamba kwa mbali unadhani ni kitambaa cha lesi. Chuo chao kikuu cha uongozi, IIM, kimelifanya nembo.

Nilitegemea atasema mashallah. Alinyamaza muda mrefu, macho yakifuata tawi moja kutoka shina hadi ncha, kidole gumba kikienda juu ya kidole cha shahada kama anasuka. Mwishowe akasema, "Ule ni mkindu."

"Wanasema mtende, mama."

"Mkindu. Na hilo tawi limepita chini ya mawili, juu ya moja. Hiyo ni ukili." Akamwambia dada atazame, dada akatazama, akakubali. Sikuwa na hoja.

Dirisha la katikati halina kitu. Limezibwa kwa mawe ya kawaida, bapa, kana kwamba fundi alitoka mara moja akasema anarudi. Mama akaliona, akauliza mbona lile. Nikamweleza kwamba wapo wanaosema vita vya Akbar viliwakuta kazi haijaisha.

"Hapana," akasema. "Miyaa ilimwishia."

Akaniamuru nimpige picha mbele ya lile tupu, siyo lile la mti. Ndiyo hiyo anayoitumia kwenye simu sasa; wanaomwuliza kwa nini amepigwa picha mbele ya ukuta anawajibu mwenyewe.